Bwana Alifunga Mlango



Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, hapa kwetu Nyeri. Watoto 21 walikufa. Kulipokucha, habari ilikuwa imeenea nchi nzima. Wazazi walipigwa picha wakilia langoni mwa shule. Wengine walingoja vipimo vya DNA ili miili itambuliwe, na huku redio zinatangaza. Sisi tuliokuwa mbali tulizitazama picha hizo, tukatumiana, tukidhani tunahurumia.

Ndugu zangu, aliyefiwa hivyo hubeba mizigo miwili: msiba wenyewe, na macho ya watu.

Tukisoma Marko sura ya 5, twamwona Yairo, ambaye binti yake wa miaka 12 alikufa. Bwana alipofika nyumbani alikuta umati na makelele. Alifanya nini kwanza? Aliwatoa wote nje. Akaingia na baba, mama, na wanafunzi watatu tu. Kabla ya muujiza, aliwapa wazazi faragha.

Twajua wazazi wa Endarasha hawakurudishiwa watoto wao kama Yairo. Kwa nini? Hatuna jibu, wala tusijifanye tunalo. Lakini Bwana yule yule yumo chumbani pamoja nao.

Basi wewe uliyefiwa, unaruhusiwa kufunga mlango. Si lazima ujibu kila swali. Mchague ndugu mmoja asemee nyumba yako. Zima redio, hata hii yetu. Lia mbele za Mungu. Hata hasira yako mwambie, hataikataa.

Nasi washirika, tusiwe umati wa makelele. Tusiulize mtoto alikufaje. Picha ikitufikia, na iishie kwetu. Tukachote maji, tukakamue ng'ombe, tukae kimya. Na waandishi wa habari wakishaondoka, habari nyingine zikishaanza kutangazwa, hapo ndipo tubishe hodi tena. Msiba haukomi siku gazeti linapofungia nyama.

Tuombe. Ee Baba, uwafariji wote ambao machozi yao yalitangazwa kabla hawajayafuta. Utufundishe kunyamaza, na utufundishe kurudi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.