Staji: Nani Analipa Nauli ya Anayejifunza Kazi?

[Muziki wa kufungua kipindi]

Salamu kwenu mlioko Kiziba, Mugombwa na Mahama, na kwenu mliowasili karibuni katika kituo cha mpito cha Nyarushishi, hapa Rusizi. Ninazungumza nanyi kutoka Kamembe. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, na kila asubuhi watu wanapita mpakani na mizigo yao kichwani, kila mmoja akiifuata riziki yake.

Katika watu hao wa asubuhi wamo vijana wenye barua mfukoni. Barua hiyo imetoka shuleni, ina mhuri, na inamwomba mwenye hoteli, gereji, duka la dawa au karakana ya kuchomelea ampokee mwanafunzi kwa majuma kadhaa ili ajifunze kazi kwa mikono yake. Wengine huita mafunzo kwa vitendo. Sisi wengi wa upande huu tunaita staji. Swali letu leo ni hili: mwanafunzi wa staji alipwe au asilipwe? Na akilipwa, ni kiasi gani?

Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haina aibu.

Tumfikirie binti wa Kiziba aliyesomea upishi. Kambi ya Kiziba iko Karongi, imekuwepo tangu mwaka 1996, na watoto waliozaliwa pale sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Binti huyu amepata staji katika hoteli moja Kamembe. Hawezi kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo anapata kulala kwa shangazi yake upande mwingine wa mji. Amebahatika, halipi chumba. Lakini tuseme kwa mfano kwamba pikipiki inamla faranga 600 kwa siku kwenda na kurudi, na chakula cha mchana faranga 1,000. Hiyo ni 1,600 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni faranga 41,600. Kwa miezi mitatu ni faranga 124,800. Bado hatujahesabu sabuni, viatu vyeusi alivyoagizwa kununua, wala simu ya kuongea na mama yake.

Fedha hizo zinatoka wapi? Mara nyingi zinatoka kwenye msaada wa chakula wa familia, au kwenye deni la mama kwa mwenye kibanda. Kwa hiyo tunaposema staji hii haina malipo, hatusemi kweli yote. Malipo yapo. Anayelipa ni mama aliyeko kambini, na anayepokea ni hoteli inayopata mikono miwili jikoni.

Tena kuna jambo la pili. Kijana ambaye mzazi wake ana mshahara anaweza kuvumilia miezi mitatu bila senti. Yule wa kambini hawezi, na hapo barua yake inarudi mfukoni. Mwishoni cheti anakipata yule aliyekuwa na nauli, na aliyejua kazi zaidi anabaki nje. Wazee wetu wanasema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, lakini hata kuvumilia kuna gharama yake, na si kila nyumba inayo.

Sasa tumsikilize mwajiri naye, tusimhukumu kabla hajasema.

Fundi cherehani atakwambia: "Mwanafunzi ameletwa kwangu hajui hata kupima bega. Kitenge cha mteja amekikata vibaya, nimelipa mimi. Kila saa ninayomfundisha ni saa ambayo sishoni. Mbona yeye asinilipe mimi?" Mwenye gereji atasema vivyo hivyo kuhusu boliti iliyokatika na mafuta yaliyomwagika. Wana haki ya kusema hivyo. Kufundisha ni kazi, na karakana ndogo haina akiba. Tukimlazimisha fundi mdogo alipe mshahara kamili tangu siku ya kwanza, atafunga mlango, na kijana atabaki na barua yake.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza staji ipimwe kwa hatua. Haya ni maoni ya kipindi hiki, si sheria.

Hatua ya kwanza ni majuma ya kujifunza. Mwanafunzi anatazama, anauliza, anakosea. Hapo asidai mshahara. Lakini apewe nauli na chakula cha mchana. Kipimo chetu ni rahisi: mtu asirudi kutoka kazini na deni alilolipata kwa sababu ya kwenda kazini.

Hatua ya pili ni pale anapoweza kufanya sehemu ya kazi peke yake, na mkuu wake anakagua tu. Anapanga meza, anakata vitunguu, anabadilisha tairi. Hapo kuna faida imeanza kuingia kwa mwajiri. Apewe posho juu ya nauli na chakula. Sisi tungesema isipungue nusu ya kile mwajiri huyo anachompa mfanyakazi mpya.

Hatua ya tatu ni pale anapofanya kazi yote. Jiulize: siku asipokuja, kazi inasimama? Je, kabla yake palikuwa na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyohiyo, akaondolewa? Kama jibu ni ndiyo, huyo amekwisha kuwa mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa ujira wa mfanyakazi.

[Muziki mfupi]

Wasikilizaji, msidhani kwamba mvutano huu ni wa karakana za Kamembe tu. Hata wakubwa umewasumbua, na inafaa tujue walivyofika walipofika.

Mwaka 2015 huko Geneva, Uswisi, kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand alikuwa akifanya staji katika Umoja wa Mataifa bila malipo. Geneva ni mji ghali sana. Kijana akapiga hema dogo karibu na ziwa, akawa anatoka ndani ya hema na suti yake kwenda ofisini. Magazeti ya dunia yakamwandika. Baadaye alieleza kwamba alifanya hivyo pia kwa makusudi, ili tatizo lionekane. Sisi tunaojua maana ya kulala ndani ya hema bila kuchagua tunaweza kutabasamu kidogo. Lakini hoja yake ilikuwa ya kweli: nafasi isiyolipwa ni ya wenye nacho. Mei 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kwamba wanafunzi wa staji wa shirika hilo waanze kupewa posho ifikapo mwaka 2020.

Karibu na sisi, Kenya. Daktari akimaliza chuo hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni kamili. Makubaliano ya mwaka 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari yaliweka malipo ya madaktari hao kuwa shilingi 206,400 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema uwezo wake ni shilingi 70,000. Madaktari wakagoma kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, siku 56, na hata walipokubali kurudi kazini suala la malipo hayo lilikuwa bado. Desemba mwaka huohuo serikali ikakubali kufuata kiwango cha 2017. Tunajifunza nini? Madaktari wale walikuwa na karatasi iliyotiwa saini. Bila karatasi ile wangebaki na maneno, na neno la mdomo hupeperuka.

Juni 2023 Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi, yaani kujifunza kazi kazini. Linasema mwanagenzi awe na mkataba wa maandishi, apate malipo ya kutosha, alindwe asiumie, na akiumia kwa sababu ya kazi afidiwe. Pendekezo halimfungi mtu kama sheria, lakini ni kitu cha kushika mkononi unapozungumza.

Sasa turudi nyumbani. Wewe kijana mwenye barua, na wewe mzazi, kabla ya siku ya kwanza ulizeni mambo matano, kwa heshima, na majibu yaandikwe, hata kama ni mistari sita kwenye daftari yenye saini mbili.

La kwanza: staji inaanza lini na inakwisha lini? Staji isiyo na tarehe ya mwisho ni mtego.

La pili: nani atanifundisha, na nitajifunza nini? Ukipewa kufagia tu miezi mitatu, hujafundishwa.

La tatu: nauli na chakula vikoje, na posho inaanza lini?

La nne: nikiumia, nani ananipeleka hospitali na nani analipa? Kituo cha afya cha kambi kiko mbali, na kisu cha jikoni hakisubiri.

La tano: nikimaliza, nitapewa barua ya kuthibitisha? Isishikiliwe kwa sababu yoyote.

Na kuna mambo ambayo si ya kuuliza, ni ya kukataa. Usimlipe mtu yeyote ili akupatie staji. Na mtu akikuomba mwili wako ili upate nafasi, posho au barua, hilo ni kosa lake, si lako. Toka, umwambie mtu unayemwamini, na utoe taarifa kwenye dawati la ulinzi kambini au polisi.

Wazazi, kumbukeni umri pia. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018 inaweka umri wa kuajiriwa kuwa miaka 16. Mwenye miaka 13 hadi 15 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, ndani ya mafunzo ya ufundi. Na ikiwa ahadi imevunjwa, anza kwa mwalimu wa shule iliyoandika barua. Ikishindikana, kila wilaya ina mkaguzi wa kazi, na mkimbizi pia anaweza kumwendea.

Mwisho, neno kwetu sisi wa mashirika, na kipindi hiki kimo. Sisi nasi tunapokea vijana wa kujitolea: wa kutafsiri, wa kuandikisha majina, wa kubeba vipaza sauti. Tunawasifu sana mbele ya wageni. Kipimo tulichompa mwenye hoteli na fundi cherehani ni chetu pia. Kijana asipokuja na kazi yetu ikasimama, tunajua yuko hatua gani.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, maswali ya kujadili: Katika kambi yenu, ni nani aliyeacha staji kwa kukosa nauli? Jamii ingeweza kumsaidiaje? Na ninyi mafundi mlioko kambini mnaofundisha watoto wa majirani, mnawapa nini mchana?

Andikeni majibu yenu, mmpe kiongozi wa kikundi. Tutayasoma hapa. Hadi wakati mwingine, kaeni salama.

[Muziki wa kufunga kipindi]