Filamu za kutisha: tuogope lililo la kuogopwa

Juma hili nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto, nalo ni filamu za kutisha. Nina maana zile sinema za mizuka, majini, maiti wanaofufuka na binadamu wanaogeuka wanyama. Najua wapo watakaosema kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, anayehangaika na bei ya sukari na ada za watoto, hana sababu ya kulipia hofu wakati hofu ya bure imejaa tele mitaani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mimi nasema kwamba hofu ni kama moto. Aliyeuzoea huupikia, na asiyeujua huunguza nyumba. Sinema nzuri ya kutisha hutuzoesha moto huo. Mbaya yake ni kwamba zile nzuri ndizo zilizotupita bila kuonwa, na zile za hovyo ndizo zilizotujaa.

Sisi wa Singida hatuhitaji kufundishwa kuogopa. Katika miaka ya 1920, na kwa ukali zaidi miaka ya 1946 na 1947, Unyaturu ulikumbwa na mauaji ambayo mwanzoni yalidhaniwa ni ya simba. Watu walikutwa wamekufa mashambani na njiani, miili imeraruliwa. Serikali ya kikoloni ilipochunguza ilisema wauaji walikuwa binadamu, watu waliovishwa ngozi za simba na kutumwa kuua. Kesi zikasikilizwa, na wapo walionyongwa. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyewahi kuishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu, aliandika makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records kulitazama upya suala hilo zima la watu simba. Nenda leo ukamuulize mzee wa Unyaturu habari hiyo, utaona anavyoshusha sauti kabla ya kujibu.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila filamu ya kutisha inapaswa kulijibu. Katika mkasa ule, wa kuogopwa alikuwa nani? Simba wa porini, yule aliyevaa ngozi, au yule aliyekaa nyumbani kwake akaagiza jirani yake auawe? Mwenye kujibu kwamba ni simba, hajaelewa kisa. Ngozi ilikuwa ya simba, lakini mkono ulikuwa wa mtu.

Wa umri wangu tuliingia katika ulimwengu wa sinema hizi kupitia mabanda ya video. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na kwa sisi wa mikoani ilichukua muda kufika. Tulichokuwa nacho ni banda la mabati, jenereta linalonguruma nje, deki moja, na mabenchi ambayo ukichelewa husimama. Kanda zilikuwa zimerudufiwa mara nyingi hata nyuso za waigizaji zilikuwa kama zimepakwa majivu. Baadaye wakaja wafasiri, wale mabingwa wa kutia Kiswahili juu ya Kichina na Kihindi, na kule Dar es Salaam jina la Lufufu likavuma kwa kazi hiyo.

Katika banda kama hilo ndipo nilipoiona Mr. Vampire, filamu ya Hong Kong ya mwaka 1985. Maiti zake haziendi kwa miguu kama wewe na mimi, bali huruka-ruka zimenyoosha mikono mbele, na hutulizwa kwa kubandikwa karatasi ya njano kwenye paji la uso. Ukibana pumzi, maiti hakuoni. Basi kila mfu alipomkaribia mtu kwenye kioo, banda zima tulibana pumzi! Watu wazima kwa watoto, kimya, hadi mfu apite. Halafu kicheko. Kama hujapata kuiona, anza na hiyo. Inachekesha na inatisha kwa pamoja, na haimdhuru mtu.

Kisha zikaja za Nigeria. Living in Bondage ya mwaka 1992, ile ya mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, ilifungua mlango na nyingine kwa mamia zikafuata. Na sisi tukaanza kutengeneza za kwetu. Mnamo mwaka 2003 mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka, ambayo jina lake ni la Kinyakyusa na maana yake ni mfu aliyefufuka. Mwaka 2005 akatoa Shumileta, kisa cha malkia wa mashetani anayempenda binadamu. Ukizitazama leo utaona taa hafifu, sauti inayokwaruza na damu inayofanana mno na rangi. Pamoja na hayo, nakushauri uzitafute. Humo ndimo utakapoona vijana wenye kamera moja ya video wakizitoa hadithi za bibi zao kwenye kigoda na kuziweka kwenye kioo, kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Lakini hapa, ndugu msikilizaji, ndipo penye mwiba. Sinema ya kutisha huhitaji adui, na adui wa rahisi kuliko wote ni mtu mnyonge. Hesabu mwenyewe ni filamu ngapi ulizoona ambazo mchawi ni bikizee, amekaa peke yake, macho mekundu, nywele timutimu. Sasa njoo nami vijijini kwetu. Katika kazi zangu za kutafuta habari nimeketi na ajuza mmoja ambaye watoto wa jirani walikuwa wakimkimbia kisimani. Alinieleza kwamba macho yake yameharibiwa na moshi wa kuni, miaka zaidi ya hamsini ya kuinamia mafiga. Kanda ya Ziwa na mikoa ya jirani, vikongwe wenye macho kama hayo wamekatwa mapanga. Hiyo si sinema.

Tena mifano ipo. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, na watu wakalala nje kwa makundi wakiota moto hadi alfajiri. Mjini Zanzibar mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Popobawa hakupatikana, lakini maiti ilipatikana. Kule Nigeria, filamu iitwayo End of the Wicked ya mwaka 1999 iliwaonyesha watoto wadogo wakiwa wachawi, na watetezi wa haki za watoto wameilaumu kwa kuchochea watoto wa kweli kushutumiwa, kupigwa na kufukuzwa majumbani. Kwa hiyo tunapochagua sinema ya kutisha, tusiulize tu kama inatisha. Tuulize pia inamnyooshea nani kidole.

Kwa kipimo hicho, nitataja chache zilizotupita.

Ya kwanza ni ya kwetu, nayo ni Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo za Oscar, na bado ukiitaja mtaani watu wengi watakutumbulia macho. Daktari Mmarekani mweusi anafika katika hospitali ya magonjwa ya akili na kumkuta mgonjwa, Samehe, ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Samehe anaigizwa na Amandina Lihamba, msomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kati ya wanawake hawa wawili anaingia wa tatu, mhenga, bibi wa tangu na tangu. Naye ni kizee, naye anatisha. Ila huyu hakuja kuroga. Amekuja kufungua kidonda kilichofungwa vibaya. Tazama jinsi kizee yule yule wa filamu za hovyo anavyogeuka kuwa mponyaji.

Ya pili ni White Shadow ya mwaka 2013, ya mwongozaji Noaz Deshe, iliyopigwa hapa hapa Tanzania. Ilipata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka huo. Kijana mwenye ualbino, Alias, anamwona baba yake akiuawa. Mama yake anamkimbizia mjini kwa mjomba, naye anatembeza miwani na simu mitaani huku akiwakwepa wanaowinda viungo vyake. Hakuna zimwi ndani yake. Kuna wateja, na mganga, na bei. Nakuonya kwamba ni nzito na kamera yake haitulii, usimweke mtoto mbele yake. Lakini sisi ambao tangu miaka ya 2000 tumesoma habari za ndugu zetu kuuawa kwa imani hizo, kisha tukafunua ukurasa wa michezo, tunapaswa kuitazama hadi mwisho.

Ya tatu inatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Ni Kati Kati ya mwaka 2016, ya Mbithi Masya, iliyotunukiwa na wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto. Binti anazinduka porini, amevaa gauni la hospitali, hakumbuki lolote. Anaiona hoteli ya kitalii, anaingia, anakuta watu wanacheka na kuogelea. Ndipo anapoelezwa kwamba amekufa, na wote walio pale wamekufa. Hakuna anayekimbizwa wala kuchinjwa. Kinachowafuata wafu hao ni yale waliyoyatenda wakiwa hai, na ndani yake umo mwangwi wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007. Haifiki hata saa moja na nusu, lakini itakukalisha macho usiku.

Ya nne ni ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia, iitwayo I Am Not a Witch, ya mwaka 2017. Msichana mdogo anashutumiwa kuwa mchawi na kupelekwa kwenye kambi ya vikongwe wachawi, ambao kila mmoja amefungwa utepe mrefu mweupe mgongoni ili asiruke akapotea. Anaambiwa akiukata utepe huo atageuka mbuzi. Afisa wa serikali anamtembeza kama chombo chake, mara amtambue mwizi, mara alete mvua. Utacheka, tena sana. Halafu katikati ya kicheko utajiuliza unamcheka nani. Kwa watu wa mkoa mkavu kama wetu, ambako mvua ikichelewa watu huanza kutafuta wa kumlaumu, sioni filamu inayotufaa zaidi.

Na ya mwisho natoka nayo mbali, Japani. Inaitwa Onibaba, ya Kaneto Shindo, ya mwaka 1964, haina rangi. Wakati wa vita, mama na mkwewe wanaishi kwenye majani marefu kuliko mtu. Wanawavizia askari waliochoka, wanawaua na kuuza silaha zao wapate chakula. Mkwe anapompata mwanamume, mama mtu anavaa kinyago cha shetani ili amtishe asitoke usiku. Kinyago kinagoma kuvuka. Nilipoitazama, majani yale yakipepea kwa upepo, mawazo yangu yalihamia kwenye mashamba ya uwele na mtama ya Unyaturu. Wajapani hawakupata kusikia habari za watu simba wetu, lakini walilijua jambo lile lile, kwamba mwenye kuvaa ngozi ya kutishia wenzake asitumaini kuivua atakapo.

Sasa utaniuliza, zinapatikana wapi? Za nje si taabu sana kwa mwenye simu na bando la kutosha. Tabu ni za kwetu. Filamu nyingi za kutisha za Kiswahili zilitolewa kwenye kanda na baadaye VCD, na mikanda hiyo inaliwa na ukungu kwenye maboksi chini ya vitanda. Ukiwa na nakala ya Nsyuka au wenzake, usiitupe. Tafuta kijana mwenye ujuzi aihamishie kwenye kompyuta. Na ninyi wenye vituo vya televisheni, ambao kila usiku mnaturudishia zile zile, mngetoa saa moja tu kwa juma kwa kazi hizi, na mtu wa kuzieleza kabla hazijaanza, mngekuwa mmetenda jambo.

Nanyi watengenezaji wa filamu, vijana wenye kamera, njooni Singida. Ipo hadithi hapa inayowangoja tangu mwaka 1946. Ombi langu ni moja tu. Mkiitengeneza, msiishie kwenye kucha za simba. Tuonyesheni na mlango wa nyumba ya aliyemtuma.

Msikilizaji mpenzi, usiku wa leo ukitazama sinema ya kutisha na wanao, itakapokwisha usiwaambie tu wakalale. Waulize nani alikuwa mbaya, na kwa nini. Wakikujibu kwamba ni yule bibi, kwa sababu ana macho mekundu, basi kabla hujazima taa una mazungumzo ya kufanya.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nakutakia usiku mwema.