Tundu Katika Ukuta: Mada juu ya Kutoboa Mawe, Matofali na Zege katika Nyumba za Bara ya Mombasa

Waashi na mafundi wa mabomba mliohudhuria, nanyi akina mama na akina baba wenye nyumba mliovuka kwa feri kutoka Likoni na mliotoka Changamwe mkaja kutusikiliza hapa Kisauni: nimetakiwa niseme juu ya tundu, jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halistahili mada, maana watu hulihesabu kuwa kazi ya nyundo na saa moja ya jasho, walakini mimi, baada ya miaka mingi ya kuitwa majumbani mwa watu kutengeneza kilichoharibiwa na tundu moja tu la bomba la choo au la mashine ya ubaridi, nimeyakinika kwamba hakuna kazi ndogo ya ujenzi inayopambanua baina ya fundi na mvunjaji kama hii. Rai yangu kwenu ni moja: tundu kubwa hukatwa, halivunjwi.

Kabla ya kutaja chombo, sharti tuujue ukuta. Sisi wa pwani hii tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na jiwe hilo moja tumelitumia kwa sura tatu. Kwanza lilikatwa likawa jiwe la kujengea, na ushahidi mkubwa wa sura hiyo ni Ngome ya Yesu kule kisiwani, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati, ambayo baadhi ya kuta zake zilichongwa papo hapo katika mwamba. Pili lilichomwa likawa chokaa. Tatu, tangu mwaka 1954, kiwanda cha simiti cha Bamburi, upande wetu huu wa bara ya kaskazini, kikaanza kulisaga na kulipika katika moto wa nyuzi 1450 hivi za Selsiasi. Basi mtu anayetoboa ukuta wa Mtopanga, wa Mtongwe au wa Chaani aghalabu hukutana na jiwe lile lile, ama likiwa zima, ama likiwa unga uliogandisha mchanga na kokoto.

Lakini mambo hayo mawili hayatobolewi kwa namna moja, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwanachuoni wa Kijerumani Friedrich Mohs, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mizani ya ugumu wa madini yenye daraja 10. Katika mizani hiyo, madini yaliyomo katika tumbawe yana ugumu wa 3 na kitu, ilhali chembe za mchanga mweupe zilizomo ndani ya zege zina ugumu wa 7, nayo almasi imekaa kileleni. Ndiyo sababu jiwe letu la kukata hukubali tindo, hata msumeno, lakini zege hulila tindo hilo hilo mpaka likawa butu. Matofali ya simiti yenye uwazi ndani yana tabia yake: kuta zake ni nyembamba, na pigo moja la nguvu huzipasua mpaka upande wa pili. Ukuta wa kale wa mawe yasiyochongwa, yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, una hatari nyingine tena, kwa kuwa ukiligonga jiwe moja, jirani zake wanne hulegea pamoja nalo. Nyumba ya udongo na miti, ambayo bado tunayo nyingi na sioni haya kuitaja, haihitaji ila mtu apapase kwanza ajue fito zimepita wapi.

Nitawahadithia yaliyonifika mwenyewe Likoni, kabla sijajifunza. Palitakiwa tundu la inchi 4 jikoni, nami nikamwachia fundi mmoja aliyekuja na nyundo kubwa na mtaimbo. Kwa upande wa ndani tundu lilionekana la kiasi. Nilipozunguka nje nikakuta plasta imebanduka na mawe yamemeguka kwa upana wa sinia la pilau, na masika yaliyofuata maji yakaingia hapo mpaka kabati la vyombo likaoza. Fundi yule hakuwa mvivu wala mwizi. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba pigo, likifika mwisho wa ukuta, hukosa kitu cha kulipokea kwa nyuma, likatoka na kipande kipana kuliko kile lilichoingilia.

Dawa ya jambo hili ni ya kale mno. Mwingereza Flinders Petrie, alipokuwa akiyapima mapiramidi ya Giza kuanzia mwaka 1880, aliokota mapande ya jiwe gumu la matale yaliyo mviringo kama mshumaa, nayo yalikuwa matumbo ya matundu: Wamisri walikuwa wakizungusha bomba la shaba juu ya mchanga mkali, bomba likakata duara, na jiwe la katikati likatoka zima. Wazee wetu maseremala nao walikuwa na keekee yao, chuma kilichokazwa katika msukano, kikazungushwa kwa uta huku mkono ukikikandamiza kwa kishikio kiitwacho jivu, na mzunguko ule ule ndio unaofanya kazi leo katika bomba la chuma lenye meno ya almasi. Tazameni hesabu yake: tundu la milimita 110 likikatwa kwa bomba lenye unene wa milimita 4, kinachosagwa ni sehemu moja tu katika saba ya jiwe lote, sita zilizobaki hutoka zenyewe. Kwa hiyo nguvu hupungua, vumbi hupungua, na ukuta hautikisiki.

Najua kwamba wengi wenu hamna mashine ya kulizungusha bomba hilo, na kuikodi kwa tundu moja ni gharama. Msikate tamaa, maana duara laweza kukatwa kwa drili ya kawaida ya kupiga, yenye ncha ya milimita 10. Chora duara lako, kisha toboa vitundu 24 hivi ukiufuata mstari kwa ndani, kila kimoja karibu na mwenziwe, na baada ya hapo tindo kali na nyundo ndogo zitakata vizuizi vilivyobaki baina yao. Lakini kwanza kabisa, kwa njia hii au ile, pitisha ncha ndefu na nyembamba katikati ya duara mpaka itokee nje, ili upate kitovu kimoja kwa pande zote mbili. Ukate nusu ukiwa ndani, ukate nusu ukiwa nje, zikutane katikati. Mimi nikipewa nafasi ya kufundisha jambo moja tu, hufundisha hili.

Nguzo, boriti na mkanda wa zege unaozunguka juu ya madirisha havitobolewi asilani bila idhini ya mhandisi. Fauka ya kudhoofika kwa nyumba, nondo iliyokatwa ikaachwa wazi katika hewa hii yetu ya chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikaanza kuipasua zege kwa ndani polepole. Kadhalika meno ya almasi yakinasa kwenye nondo, mashine huzunguka yenyewe na kuuvunja mkono; kwa hiyo ishikwe kwa mikono miwili, isikamatwe na mtu aliye juu ya ngazi inayoyumba, na iwe na klachi ya usalama. Umeme uzimwe katika nyaya zinazopita ukuta huo.

Juu ya vumbi sitaki kupita mbio. Vumbi la zege lina mchanga uliosagwa laini kuliko unga, nalo likiingia pafuni halitoki, na makovu yake hayaponi. Maji ndiyo yanayolikamata vumbi hilo na kuyapoza meno ya almasi, nami nafahamu kwamba majumbani mwetu maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni. Hata hivyo mtungi mmoja wa kazi hii si israfu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, hususan kwa kijana anayefanya kazi hiyo kila siku.

Tundu lenyewe lielekee nje kwa mteremko, milimita 6 hivi kwa ukuta wa inchi 9, ili mvua inayosukumwa na kusi isipate njia ya kuingia ndani. Pengo linalobaki kando ya bomba, katika ukuta wa jiwe letu, mimi hulijaza kwa chokaa iliyotiwa simiti kidogo, kwani simiti tupu ni ngumu kupita jiwe lenyewe na hubanduka.

Nanyi ambao nyumba zenu bado ziko katika msingi, mwambieni mwashi aweke katika ukuta, kila mahali panapoweza kuhitajiwa, kipande cha bomba pana kuliko lile litakalopita, kijazwe mchanga, kizibwe kwa udongo pande zote mbili, na mahali pake paandikwe katika ramani ya nyumba, ili atakayekuja na bomba lake baada ya miaka 10 asikute kazi ila ya kuukwangua udongo ule kwa kisu.