FAIDA YA UTAFITI WA CHUO KIKUU KWA MFUGAJI
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Leo Chama chetu Kikuu kinatimiza miaka kumi. Wenzetu waliotangulia wameeleza vyema habari za majengo, magari na hisa. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kueleza faida ya elimu ya vyuo vikuu. Wako wanaouliza: mtu wa vitabu atamfaa nini mkamua ng'ombe? Twaomba kujibu kwa kisa kimoja cha kweli, kisha tuone kinavyotuhusu.

Jimbo la Wisconsin, huko Marekani, zamani lilikuwa nchi ya ngano. Ardhi ikachoka, wadudu wakazidi, na wakulima wengi wakageukia ng'ombe wa maziwa. Katika viwanda vya siagi na jibini walilipwa kwa uzito tu, na hapo ndipo fitina ilipoingia. Aliyetia maji na aliyeengua krimu walipata fedha sawasawa na mtu mwaminifu. Naye aliyefuga ng'ombe wa maziwa mazito hakuona malipo ya jasho lake.

Mwaka 1887 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kutoa dola 15,000 kwa mwaka kwa kila jimbo, ili vyuo viendeshe vituo vya majaribio ya kilimo. Mwaka uliofuata Dk. Stephen Babcock alifika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, akapewa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kupima mafuta ya maziwa. Mwaka 1890 aliitangaza. Maziwa kidogo hutiwa katika chupa ya shingo nyembamba yenye alama. Huongezwa tindikali kali, iyeyushayo kila kitu ila mafuta. Chupa huzungushwa kwa kasi, kisha hutiwa maji ya moto, na mafuta hupanda shingoni. Karani husoma alama, na mwenye maziwa husoma naye. Babcock hakujiwekea haki ya kuiuza njia hiyo peke yake. Aliitoa bure kwa wote.

Tazameni hesabu yake. Kilo 100 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina kilo 4 za mafuta. Yakiwa asilimia 3, ni kilo 3 tu. Kwenye mizani yote ni sawa, bali kwenye chupa yamepitana kilo nzima. Basi udanganyifu ukakosa faida. Mfugaji naye akaweza kupima maziwa ya kila ng'ombe wake, akajua yupi alipaye chakula chake na yupi alaye bure. Mwaka huo huo wa 1890 chuo kikafungua mafunzo ya maziwa kwa vijana wa wakulima. Kufika mwaka 1915 Wisconsin ilikuwa imeyapita majimbo yote ya Marekani kwa siagi na jibini. Hatusemi kwamba chupa peke yake ndiyo iliyoleta hayo, maana walikuwako pia viongozi hodari wa wakulima. Lakini haki katika malipo iliwapa watu moyo wa kufuga vizuri.

Ndugu wanachama, na kwetu je? Kwa miaka kumi tumelipana kwa lita. Laktomita yetu hugundua maji, lakini siri yake imekwisha kujulikana: maziwa yakienguliwa kipimo hupanda, na yakitiwa maji hurudi pale pale. Twakiri mbele yenu kwamba wanachama waaminifu wamekuja ofisini kulalamika, nasi hatukuwa na jibu. Baadhi yao wamekiacha kituo, sasa wanawauzia wachuuzi. Kosa hilo ni letu sisi watumishi wenu.

Kwa hiyo mtaletewa katika Mkutano Mkuu shauri la kulipa kwa mafuta. Tumesikia ikinong'onwa kwamba hiyo ni hila ya ofisi ya kupunguza bei. Hatukasiriki, mwenye mali ana haki ya kushuku. Ndiyo maana twapendekeza kipimo kifanywe mbele ya mwenye maziwa, na hesabu iandikwe katika madaftari mawili, moja lake na moja letu. Fedha itakayopunguzwa kwa maziwa mepesi yote ilipwe kwa maziwa mazito, isibaki ofisini hata senti moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena, tusingoje wataalamu watufuate. Tangu mwaka 1984 tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Babcock alipata jibu kwa kuwa wakulima walikuwa na swali. Maswali ya malisho, ya magonjwa na ya maziwa yanayoganda njiani tunayo sisi, tuyaandike, tuyapeleke.

Miaka kumi ya kwanza tulijifunza kukusanya maziwa yetu pamoja. Kumi ijayo na tujifunze kugawana kwa haki.