Mto Ruaha Mkuu: Nani Ameyanywa Maji?



Ndugu zangu wapendwa, viongozi wa halmashauri za walei, makatekista, wenyeviti wa Jumuiya Ndogondogo, akina mama wa WAWATA, nanyi nyote mliotumwa na parokia zenu kuja kwenye semina hii ya Haki na Amani. Nimeombwa nizungumze juu ya mto. Huenda baadhi yenu mmejiuliza padri ana neno gani la kusema juu ya mto, isipokuwa ni Mto Yordani. Naomba mnivumilie, kwa maana Ruaha Mkuu ni kesi ambayo haijaamuliwa bado, na katika kesi hiyo Kanisa lina watoto upande wa walalamikaji na upande wa washtakiwa pia.

Tuanzie milimani. Mvua inyeshayo juu ya safu za Uporoto na Kipengere hugawanyika. Ile iangukayo upande wa kusini huteremka hadi Ziwa Nyasa, ikatoka kwa Mto Shire, ikaingia Zambezi na kumalizikia Msumbiji. Ile iangukayo upande wa kaskazini hushuka bondeni Usangu, ikawa Ruaha, kisha Rufiji, ikaingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Matone mawili ya wingu moja huishia katika Bahari ya Hindi ile ile, lakini midomo ya mito iliyoyabeba imeachana kwa zaidi ya kilomita 1,000. Sisi tukaao nyanda za juu hatuoni jambo hili. Tunaona vijito tu, tunavivuka kwa gogo la mti na kwenda zetu shamba.

Vijito hivyo ndivyo vinavyojaza mito ya Usangu: Mbarali, Kimani, Chimala, Ruaha yenyewe, pamoja na Ndembera itokayo upande wa Mufindi. Huko juu mvua ni nyingi. Bondeni ni haba, wala kilimo cha mpunga hakiwezekani kwa mvua hiyo peke yake. Kwa hiyo uwanda wa Usangu huishi kwa mvua ya watu wengine. Maji yakishafika huko hutulia na kutanda katika ardhi oevu iitwayo Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mahali paitwapo Ng'iriama. Hapo pana kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto unaendelea kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yakishuka chini yake kwa kiasi cha kiganja tu, hakipiti kitu. Naomba mkikumbuke kizingiti hiki, kwa maana kesi nzima imekaa juu yake.

Baada ya Hifadhi, Ruaha Mkuu unapokea Ruaha Mdogo upitao Iringa, pamoja na Kisigo, unaingia bwawa la Mtera, kisha unakata milima ya Udzungwa. Waliosafiri kwa basi kwenda Morogoro wanaujua pale Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu. Halafu Kidatu na mashamba ya miwa, na mwisho Rufiji. Mtambo wa umeme wa Kidatu ulianza kazi mwaka 1975 na uwezo wake ni megawati 204. Wa Mtera, ulioanza mwaka 1988, ni megawati 80. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii ilitoka katika mto huu mmoja. Nalo bwawa kubwa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, liko chini kidogo ya mahali Ruaha unapoingia Rufiji.

Sasa historia. Jina lenyewe latokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto, kana kwamba hakuna mwingine. Katika karne ya 19 bonde hili liligombaniwa na Wasangu wa akina Merere na Wahehe wa Munyigumba na mwanawe Mkwawa. Wahehe waliwafukuza Wasangu kutoka Utengule yao, nao wakakimbilia Usafwa wakaishi huko kama wageni mpaka Wajerumani walipoivunja nguvu ya Mkwawa. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilikuwa kando ya Ruaha Mdogo. Mnajua yaliyotokea: ushindi wa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga mwezi Oktoba 1894, kifo cha mtwa mwenyewe mwaka 1898, na fuvu lililorudishwa mwaka 1954. Sikusudii kuyarudia hayo yote. Nataka tu tuone kwamba Wasangu, ambao leo huwaita wengine wageni wa Usangu, nao wamewahi kuwa wakimbizi. Na kwamba kufukuzana katika bonde hili hakukuanza na sisi.

Kilimo cha umwagiliaji nacho kina historia yake. Wabaluchi, waliokuja kufanya biashara, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulima mpunga wa mifereji Usangu, tangu wakati wa Mwingereza. Miaka ya 1970 likaja shamba la serikali la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China, lenye hekta zipatazo 3,000, baadaye Kapunga, lenye ukubwa karibu kama huo, kisha Madibira. Pembeni mwa mashamba hayo wakulima wadogo wakachimba mifereji yao kwa majembe, na wao kwa pamoja wakawa wengi kuliko mashamba makubwa. Wakati huo huo walikuja wafugaji, Wasukuma, Wamasai, Wamang'ati na wengine, wakifuata majani ya Ihefu.

Mwaka 1993, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa, Ruaha Mkuu ulikatika ndani ya Hifadhi. Mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ukawa madimbwi, na viboko wakarundikana ndani ya tope. Toka hapo hali hiyo ikawa ya kila kiangazi, kwa wiki kadhaa na miaka mingine kwa miezi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi huko London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na mto ukaendelea kukatika.

Ndugu zangu, kitu kikipotea nyumbani, hutafutwa mwizi, na mara nyingi hushikwa yule asiye na wa kumtetea. Hapa alishikwa mfugaji. Ilisemwa kwamba ng'ombe wamekanyaga Ihefu, kwamba wamemaliza majani, kwamba wamekunywa mto. Tulipopata ukame wa mwaka 2005 na 2006, Mtera ikakauka na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa umeme, sauti hizo zikawa kubwa zaidi. Mwaka 2006 ilitoka amri ya kuwaondoa. Familia na mamia ya maelfu ya mifugo zilihamishwa, wengi wakipelekwa mikoa ya Lindi na Pwani. Ng'ombe walikufa njiani, watu walitozwa faini, watoto waliachishwa shule. Malalamiko yalikuwa makubwa hata serikali yenyewe ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 2007. Mwaka 2008 mipaka ya Hifadhi ikapanuliwa kuikumba Ihefu, nao mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukadumu miaka mingi.

Na mimi ni shahidi dhidi ya nafsi yangu. Katika miaka yangu ya kwanza ya upadre nilihubiri, katika kanisa la kigango, kwamba wafugaji ndio waliotukaushia mto. Sikuwa nimechunguza, nilirudia niliyoyasikia redioni. Baada ya Misa mzee mmoja mfugaji, asiye Mkristo, aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake, alinisubiri chini ya mti. Alinisalimu kwa heshima, kisha akauliza: "Baba, mwezi wa nane mpunga umekwisha kuvunwa. Mbona mfereji bado una maji?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutazungumza siku nyingine, na siku hiyo haikupatikana.

Jibu lilikuwepo tayari. Watafiti waliofanya kazi Usangu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walionyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukatika si kwato za ng'ombe. Ni maji yanayogeuzwa na mabanio wakati wa kiangazi. Mpunga huvunwa kuanzia Mei na Juni. Baada ya hapo shamba halihitaji maji, lakini banio huachwa wazi. Sehemu ndogo hutumika kwa kunywa, kufyatua matofali na bustani; iliyobaki husambaa mashambani bure na kukaushwa na jua. Tena wapo wanaowahi kuandaa vitalu mwezi Oktoba, mto ukiwa mdogo kuliko wakati wote, kwa sababu mpunga wa mapema una bei nzuri. Kila mmoja huchukua kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichokuwa kikivuka kile kizingiti cha Ng'iriama.

Na habari ya umeme? Mtera hujazwa hasa na mafuriko ya masika, wala si na mchirizi wa mwezi wa kumi. Kwa hiyo kumlaumu mfugaji wa Ihefu kwa sababu taa zimezimika Dar es Salaam ni kumtwika mzigo usio wake. Ukame ulichangia, na namna mabwawa yenyewe yalivyotumiwa pia ilichangia. Sisemi kwamba mifugo haina madhara yoyote. Wingi wake ulizidi, na kingo za mito ziliharibika, hilo tuliseme wazi. Lakini adhabu ilitolewa kabla ya hukumu, nayo ilimwangukia mmoja tu kati ya wengi waliokunywa.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawageukia kondoo wanono na kuwauliza kwa nini, wakiisha kunywa maji safi, wanayavuruga kwa miguu yao yale yaliyobaki, hata wenzao wakalazimika kunywa tope. Tumezoea kuisoma sura hiyo kama shutuma dhidi ya wachungaji wabaya. Ukweli ni kwamba katika aya hizo Mungu anahukumu kati ya kondoo na kondoo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Gaudium et Spes, ulifundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya watu wote. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, aliyahesabu maji salama kuwa haki ya msingi ya binadamu. Mafundisho hayo tunayakubali kwa urahisi, hasa tunapokuwa chini ya mto. Ugumu huanza unapokuwa juu, na banio ni lako.

Kwa sababu hiyo nimekuja na ubao huu mliouona mlangoni, ambao vijana wamekuwa wakiuchezea tangu asubuhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, waliutumia mchezo kama huu na wanavijiji wa Usangu. Ubao umeinamishwa, katikati pana mfereji ambao ni mto, na goroli ndizo maji. Kila mchezaji ana banio lake la kijiti. Huhitaji kusoma ili kuucheza. Katika mzunguko wa kwanza walio juu hujaza vishimo vyao mpaka goroli zinamwagika, na wa chini hukaa mikono mitupu. Halafu wanabadilishana nafasi, na hapo ndipo maneno huanza.

Tutaucheza mchana huu, parokia za milimani zikikaa chini na za bondeni zikikaa juu. Nimeomba pia ndugu zetu wafugaji waalikwe, wawe Wakristo au wasiwe, nao wakae kwenye ubao kama wachezaji, si kama watazamaji.

Kisha tuna kazi ya makaratasi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani kwanza na mahitaji ya mazingira baada yake, kabla ya kilimo na umeme. Inaruhusu pia kuundwa kwa jumuiya za watumia maji. Wengi wenu mnazo vijijini, na mikutano yake huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wenye mashamba. Naomba kila parokia irudi na majibu matatu kabla ya Septemba: ni nani anayeshika ufunguo wa banio la karibu nanyi; hufungwa tarehe gani baada ya mavuno; na ni wanawake wangapi na wafugaji wangapi walio katika kamati. Parokia zilizo na shamba la mpunga, likiwemo la parokia yenyewe, zianze na banio lao.