Siku Kaka Mkubwa Alipoingia Karamuni
Maneno ya makatekista kwenye karamu ya jubile



Wengine wamekwisha kusimulia namna kanisa hili lilivyojengwa. Sisi makatekista tumepewa kazi ndogo: kukumbusha sikukuu ya sanaa ya jubile yetu, na aibu tuliyoipata pale.

Mnajua kwamba korali zetu mbili zilikuwa zimeacha kuimba pamoja. Moja ilishika nyimbo za Kilatini za wazee, nyingine ilishika ngoma. Basi tukatunga mchezo wa Mwana Mpotevu, ili wajione wenyewe. Kaka mkubwa tulimchagua katika korali ya Kilatini, maana, tuseme kweli, yeye alijua kununa bila kufundishwa. Mwana mpotevu alitoka korali ya ngoma.

Kwanza pazia la vikwembe likaanguka kabla ya saa. Kisha ndevu za baba, tulizozibandika kwa uji wa muhogo, zikabaki begani mwa mtoto walipokumbatiana. Ndama hatukuwa naye. Tuliazima mbuzi wa mama mmoja wa shirika. Alipoona kisu, ingawa kilikuwa cha ubao, alikata kamba akapita katikati ya viti vya Mapadri, maua ya wageni mdomoni.

Hapo kaka mkubwa, aliyepaswa kusimama nje na kukataa kuingia, akasahau hasira yake. Akamkimbiza mbuzi, akamshika pembe, mwana mpotevu akashika miguu ya nyuma, wakaingia naye karamuni pamoja. Sisi tukapiga kelele: «Rudi nje! Injili haisemi hivyo!» Mama mwenye mbuzi akajibu: «Mumuache. Leo ameingia.»

Tukanyamaza. Kweli, Mtakatifu Luka haandiki kama kaka yule aliingia mwishoni ama hapana.

Jioni ile korali mbili ziliimba Kyrie moja, maneno ya Misa ya Kilatini, mwendo wa ngoma, kama walimu na watoto wa Kamina walivyoimba Misa Luba mwaka 1958 pamoja na Padri Guido Haazen. Sauti hazikupatana vizuri, lakini hakuna aliyetoka.

Tulitaka kuwafundisha wenzetu, tukafundishwa sisi. Tunawaomba radhi waimbaji wote wawili, na Mapadri kwa ajili ya maua yao. Mbuzi tulimrudisha kwa mwenyewe, mzima.

Mungu atujalie sote kuingia. Amina.