Aktini kwa Kiswahili: Istilahi za Mwendo na Ukuaji wa Seli



Katika misitu ya milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, huota ua dogo liitwalo Saintpaulia. Ua hilo halizai mbegu mpaka chembe ya chavua iote mrija mwembamba wa kuzifikisha seli za kiume kwenye yai. Mrija huo hurefuka kwa ncha, na urefukaji wake hutegemea protini iitwayo aktini.

Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1942 na F. B. Straub, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, katika uchunguzi wa misuli. Baadaye ilibainika kuwa imo katika karibu seli zote zenye kiini. Chembe zake hujipanga zikawa uzi wa safu mbili zilizosokotana, wenye unene wa nanomita 7 hivi. Ncha moja hupokea chembe upesi, nyingine huziachia. Ndivyo seli nyeupe ya damu inavyousukuma utando wake mbele na kutambaa kuelekea bakteria.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, husoma habari hizi kwa Kiingereza. Mkulima wa Mgeta atakayemhudumia huzungumza Kiswahili na Kiluguru. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) iliweka msingi wa kuliziba pengo hilo, lakini kazi haijakwisha.

Ugumu haumo katika jina: aktini hutamkika sawa na protini. Ugumu umo katika kitenzi. Kuunga hakufai, kwani umbo la kinyume, kuungua, limekwisha kutwaliwa na moto. Kusokota kunaeleza umbo la uzi, si ukuaji wake, maana msokota kamba huanza na nyuzi ndefu, ilhali aktini hukua chembe kwa chembe. Kupachika na kupachua ndiyo jozi inayofaa: chembe hupachikwa ncha hii, hupachuka ncha ile. Tena kauli ya kutendeka, hupachuka, haidai mtendaji.

Lugha inayokopa majina bila kuyapatia vitenzi hubaki ghala la vibandiko. Kiswahili kina vitenzi hivyo. Kinachosubiriwa ni wanasayansi na wanaisimu kukaa meza moja.